Tableti Ndogo, Skrini ya Wino na Miguu Yangu

Wiki iliyopita kwenye kliniki ya mgongo kulikuwa na mama na binti yake. Binti alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha magurudumu, na daktari alikuwa amewaambia kwamba atalala hivyo kwa miezi. Yule mama aliona kifaa changu cha kusomea, kile cha skrini ya wino, akamuuliza mamangu, "Mtoto akilala hivi, gani ni nzuri ya kusoma vitabu? Hiyo yenu ama tableti ndogo?" Mamangu akanigeukia ili nijibu. Nikasema, "Zote ni sawa tu," halafu nikaangalia sakafu mpaka wakaitwa ndani.

Si kweli kwamba zote ni sawa. Lakini mimi nina miaka kumi na saba na bado nikiongeleshwa na mtu nisiyemjua shingo inakuwa moto. Kuandika naweza. Kwa hivyo hili ndilo jibu lenyewe, kwa huyo mama na binti yake, na kwa mtu mwingine yeyote aliyeambiwa alale asiinuke. Sitaeleza ugonjwa, hiyo ni kazi ya madaktari. Ulikuwa TB, lakini ya mifupa ya mgongo, haikuwa ya kifua. Ya kwangu haikuwa inaambukiza mtu akikaa karibu nami. Nasema hivyo kwa sababu kuna watu waliacha kuja kutuona.

Ilianza mgongo ukiniuma, mwaka jana nikiwa kidato cha tatu, mvua ndefu ikiwa imeshika. Kwetu ni Mitaboni, na mvua ikinyesha kila mtu yuko shambani, hakuna anayesikiliza mgongo wa mtu. Mama alisema ni mitungi ya maji. Mwalimu wa michezo alisema najifanya. Shule ilipofungwa nilikuwa natembea nikishika kuta. Asubuhi moja nilitoka bafuni nikaenda hadi jikoni, na Mama akaniuliza slipa ya pili iko wapi. Niliangalia chini. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, una matope hadi kwenye kifundo, na sikuwa nimejua. Slipa ilikuwa imebaki bafuni.

Tuliketi kwenye benchi la hospitali mjini Machakos kutoka asubuhi. Mama alikuwa amebeba flaski ya chai na chapati mbili kwenye karatasi. Chapati moja alikula yeye, ya pili ilirudi nyumbani na Baba, aliyekuja jioni, kwa sababu mimi sikurudi. Picha ya mgongo ilikuwa imetoka na nikawa nimelazwa. Daktari alisema, "Alale chali. Asikae, asiinuliwe kichwa. Tutaanza dawa, tuone kama miguu itarudi. Isiporudi, itabidi apasuliwe, na hiyo hatutaki kuchelewesha."

Nakumbuka hayo maneno ya mwisho vizuri. Niliyasikia, na yote niliyofanya baadaye nilifanya nikiwa nayajua.

Vidonge vilikuwa vingi na vikubwa. Mkojo ulikuwa rangi ya machungwa, na kwa sababu nilikuwa nimewekwa mpira, mfuko ulining'inia pembeni ya kitanda kila mtu auone. Siku za kwanza niliona aibu. Halafu nikaacha kuona chochote. Nilikuwa naoshwa, nageuzwa na watu watatu kama gogo, napakwa mafuta visiginoni ili nisichubuke. Mapaja yalikonda hadi magoti yakawa ndiyo manene. Niliyaangalia wakati wa kuoshwa, nikayaona kama ya mtu wa kitanda kingine.

Aunt Mbithe, dada yake Baba, anakaa Syokimau na anafanya kazi ofisini. Ndiye aliyeleta tableti. Ilikuwa ndogo, ya inchi saba, ya mtoto wake.

"Mutheu, hii imejaa vitabu," alisema. "Biolojia iko, riwaya ziko. Usiniangalie hivyo, soma."

"Asante, Auntie."

Mama alikuwa ananikunjia leso. "Hiyo taa yake si itammaliza macho?"

"Aki Mama Mutheu, macho ndiyo imebaki ikifanya kazi. Wacha ayatumie."

Aunt Mbithe alijifanya anatafuta chaja kwenye mkoba, akaitafuta muda mrefu, na mkoba wenyewe ulikuwa mdogo.

Sasa nianze na uzito. Mtu aliyekaa hawezi kujua uzito wa tableti. Ukilala chali unaishika juu ya uso, na baada ya kurasa kumi mikono inatetemeka. Ukisinzia, inakuangukia. Mara ya kwanza iliniangukia puani. Mara ya pili ikanipasua mdomo. Kitanda cha jirani kulikuwa na Mama Nduku wa Katangi, aliyevunjika paja kwa kuanguka kutoka kwenye mkokoteni wa punda, na mguu wake ulikuwa umevutwa juu kwa kamba na mawe ya uzito. Aliponiona na damu mdomoni alicheka hadi kamba zikacheza.

"Weh, kasichana! TB imeshindwa kukuua, sasa unataka kuuawa na simu?"

Nilicheka pia. Nafikiri hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Jambo la pili hakuna mtu atakuambia, na kama una haya kama mimi ni kubwa kuliko uzito. Tableti ina rangi na sauti, kwa hivyo ni ya kila mtu. Mama Nduku alitaka kuona vichekesho. Mama wa kitanda cha dirishani alitaka mahubiri. Msichana aliyevunjika mkono alitaka nyimbo. Waliomba kwa heshima na mimi sikuweza kukataa. Ilikuwa inazunguka wodi nzima na kunirudia ikiwa na mafuta ya sukuma wiki kwenye kioo na betri imebaki kidogo, na soketi ya wodi ilikuwa moja. Nilisoma labda nusu saa kwa siku.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike haya yote.

Kioo cha tableti kinang'aa. Ikiwaka unaona kitabu, na juu ya kitabu unaona taa ya dari. Ikizima inakuwa nyeusi, na ndani yake unaona kila kitu. Yangu Aunt alikuwa ameipanga izime haraka kulinda betri. Nikiwa nimeishika juu ya kifua, imeinama kidogo, ilikuwa inanionyesha kitanda chote hadi miguuni.

Kila Alhamisi daktari alikuwa anakuja kupima miguu. Alikuwa mtu mpole. Aliniona nikikaza uso siku ya kwanza, akasema, "Usiogope. Wewe endelea kusoma kitabu chako, hata usiniangalie. Nikikugusa na hii pini, ukihisi sema ndiyo. Usipohisi, nyamaza tu." Hakuniambia nifunge macho. Kwa nini aniambie? Mtu aliyelala chali kabisa haoni miguu yake.

Nilinyamaza. Alikuwa anafika magotini bila mimi kusema neno. Alhamisi ya pili nilinyamaza tena. Alhamisi ya tatu kioo kilizima mkononi mwangu, na kwenye ule weusi nikaona mkono wa daktari ukishika kidole changu kikubwa cha mguu, na nyuma ya bega lake nikaona uso wa Mama. Nilikuwa sijauona uso wake wakati wa kupimwa. Alikuwa ameuma leso yake kwa meno.

Niliona pini ikigusa. Nikasema, "Ndiyo."

Leso ilitoka mdomoni.

"Hapa?" daktari aliuliza, na nikaiona pini tena. "Ndiyo." "Na hapa?" Aliinua pini bila kugusa, nikaona, nikanyamaza. Kisha akagusa. "Ndiyo."

Nilipata zote. Mimi darasani sijawahi kupata zote.

Daktari alifurahi kweli. Kidole kikubwa cha kulia kilikuwa kimeanza kutikisika kidogo, hiyo ilikuwa kweli, kwa hivyo mambo yalionekana yanaenda pamoja. Alimwambia Mama, "Dawa zinafanya kazi. Mambo ya kupasua tuyaweke kando kwanza." Mama alitoka nje. Nilimsikia kwenye simu akimwambia Baba, na alikuwa anapiga kelele kama mtu aliye upande wa pili wa mto.

Nilifikiri nitasema ukweli Alhamisi inayofuata. Lakini Jumapili ya katikati Baba alisimama kanisani Mitaboni akatoa ushuhuda. Mimi ni binti wa kwanza na nilipewa jina la mama yake, kwa hivyo kama desturi yetu ilivyo Baba haniiti Mutheu, ananiita Mwaitu, mama yangu. Alisimama mbele ya watu wote akasema, "Mwaitu amehisi miguu." Wamama waliimba. Jumatatu alikuja kunitembelea akanieleza ilivyokuwa, nani alilia, nani alirukaruka, na akashika mguu wangu juu ya blanketi akaufinya.

"Si unahisi, Mwaitu?"

Nilikuwa naona mkono wake kwenye kioo.

"Nahisi, Baba."

Nilidanganya Alhamisi tatu. Ikiwa unasoma haya ukidhani nilikuwa na wasiwasi mwingi, hapana. Sikuwa na chochote. Nilikuwa nasema ndiyo kama mtu anayejibu jina lake kwenye rejista. Nilijua kwamba mgongo haungoji. Nilijua tu, basi, kama unavyojua kwamba kesho ni Ijumaa.

Halafu Aunt Mbithe akaja Jumanne na kifaa kingine. Mtu wa ofisini kwao alikuwa anahama nchi akakiacha. Kilikuwa chepesi kama daftari la kurasa chache, rangi ya majivu, na maandishi yake yalikaa kama yamechapwa kwenye karatasi.

"Hii ni ya wino. Haina taa ya kukuchoma macho," alisema. "Mamako amenipigia kelele vya kutosha. Ile nyingine narudisha, mtoto amefungua shule."

Sikuulizwa. Hata kama ningeulizwa ningesema sawa, Auntie.

Kwanza nilikipenda. Ningeweza kukishika kwa mkono mmoja, ule usio na sindano ya dripu. Kikianguka usoni hakiumi. Nikisoma mchana kutwa macho hayachomi. Na hakuna mtu aliyekitaka! Mama Nduku alikigeuza huku na huku, akaona picha ya maua ya kijivu iliyobaki pale hata kikiwa kimezimwa.

"Hii imekwama," alisema. "Imekufa macho wazi."

"Haijakwama, Mama Nduku. Ndivyo inalala."

"Basi nyimbo iko wapi?"

"Haina nyimbo."

"Aiya! Pole." Akanirudishia, na hakukiomba tena. Siku hiyo na iliyofuata nilisoma kitabu kizima. Nilikuwa karibu kuwa na furaha.

Alhamisi asubuhi ndipo nilipokumbuka. Nilikiinua juu ya kifua, nikakizima, nikakiinamisha kila upande. Maua ya kijivu. Skrini ya wino haing'ai. Huwezi kuona chochote ndani yake isipokuwa kilichoandikwa.

Daktari alikuja na wanafunzi wawili. Alikuwa anawaonyesha mimi kama mfano wa mtu aliyeitikia dawa vizuri. Mama alisimama mahali pake pa kawaida, hakuwa ameuma leso. "Soma kitabu chako," daktari alisema.

Nilitazama ukurasa. Nikasubiri. Nilijaribu kusikia nguo zake zikisugua kitanda. Nilihesabu kichwani mwendo wake wa kila wiki, kidole, nyayo, kifundo. Nikaona ni wakati.

"Ndiyo," nikasema.

Nguo zake ziliacha kusugua kitanda.

"Mutheu," daktari alisema, "bado sijakugusa."

Wodi ilikuwa na kelele, sufuria za uji zilikuwa zinapita. Aliwaambia wanafunzi watoke. Alichukua kifaa kutoka mikononi mwangu, akaniomba nifunge macho, akapima tena polepole, mguu mmoja halafu mwingine. Sikusema neno hata moja hadi alipofika juu ya goti. Alivuta kiti akakaa.

"Tangu lini?"

Nilimwambia. Nilimwambia ya kioo, na ya leso, na ya Alhamisi tatu. Nilikuwa naongea na dari. Hakukasirika. Alisema, "Nilipaswa kukuambia ufunge macho. Hilo ni kosa langu," na akaenda kupiga simu kwenye hospitali ya rufaa.

Mama alibaki. Nilingoja anipige au alie. Alinyoosha blanketi. Akalikunja, akalinyoosha tena. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ni mimi?"

Nilisema, "Ulikuwa umeuma leso."

Aliondoka akakaa nje kwenye korido. Mama Nduku, ambaye hajawahi kuacha kitu kipite bila neno, aligeuza uso wake ukutani pole pole, akajifanya amelala.

Nilipasuliwa wiki hiyo hiyo, Nairobi. Hapo sina mengi. Kuna kovu la shubiri moja na nusu, na nilipoamka nilikuwa na kiu. Ilikuwa msimu wa baridi na blanketi zilikuwa nyembamba. Baadaye Aunt Mbithe ndiye aliyeniambia kwamba Baba alikuwa amesimama tena kanisani. Hakuna mtu anayefutaga ushuhuda, lakini yeye alisimama. Alisema, "Niliwaambia Mwaitu amehisi. Hakuwa amehisi. Alikuwa anatuogopea sisi." Akakaa chini. Hakuna wimbo ulioimbwa, Aunt alisema, watu hawakujua ni upi unaofaa.

Yeye mwenyewe Baba hajawahi kunitajia.

Mguu wa kulia ulirudi kwanza, na maumivu, kama moto wa kuni mbichi. Nilianza kukaa na mshipi wa plastiki kifuani wakati mijakaranda ya mjini, ile miti ya maua ya zambarau, ilikuwa inamwaga maua. Nilisimama mvua za Novemba zilipoanza na kila mtu yuko shambani akipanda mahindi na mbaazi. Nilitembea na fremu kabla ya Krismasi. Vidonge nilimaliza mwaka huu, karibu mwaka mzima tangu kile cha kwanza, na mkojo ukarudi rangi yake.

Jibu, basi. Kwa kulala chali, chukua ya wino. Ni nyepesi, haichomi macho, inakaa na chaji siku nyingi, na hakuna mtu atakuomba. Nyumbani nilikuwa naisomea kwenye veranda jua likiwa kali, mahali ambapo simu ya Mama ilikuwa inaonyesha uso wake tu. Ubaya wake ni kwamba ni pole pole, ukifungua ukurasa inapepesa kwanza, na michoro ya biolojia yote ni kijivu, huwezi kutofautisha mshipa na mshipa. Noti ambazo walimu wametuma zinatokea kwa herufi ndogo kama mchanga. Kwa masomo yenye michoro, tableti ndogo ni bora, lakini mtafutie binti kitu cha kuishikilia juu ya kitanda, asiishike kwa mikono. Na awe mtu anayeweza kusema hapana. Mimi sikuwa.

Na akipimwa, afumbe macho, hata kama daktari hajasema. Na wewe mama yake, sikulaumu, lakini simama upande wa kichwa.

Jana nilirudi kliniki kupimwa miguu. Tulingoja kutoka saa mbili hadi saa saba. Daktari, yule yule wa Alhamisi, alinilaza, nikafumba macho kabla hajaniambia. Mguu wa kulia nilisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, na yote ilikuwa kweli. Wa kushoto nilisema ndiyo kwenye goti na ndiyo kwenye muundi. Kisha ikawa kimya, na nikajua yuko chini huko mahali fulani, kwenye nyayo au kwenye vidole. Sikusema kitu. Niliwahi kumuuliza kama ni zile Alhamisi tatu zilizochukua huo mguu. Alisema hajui, na kwamba mtu yeyote atakayeniambia anajua ananidanganya.

"Hapa, Mutheu?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana."

Niliisikia pumzi ya Mama karibu na sikio langu. Alikuwa amesimama upande wa kichwa.

"Hata kidogo?" aliuliza.

"Hata kidogo, Mama."

Akanitoa nywele zilizokuwa zimenishika usoni.

"Haya," alisema. "Vaa viatu, twende tutafute chakula."